Namba ya Sahani Si Kidatu cha Muziki

Imezoeleka miongoni mwa wapenzi wa santuri, wauzaji wa gramafoni za kisasa, na hata wahifadhi wanaohamishia muziki wa zamani katika kompyuta, kuamini kwamba suala la usahihi wa sauti humalizika pale sahani inayobeba santuri inapothibitika kuzunguka kwa kasi iliyotajwa na kiwanda: mizunguko 33⅓ kwa dakika kwa santuri ndefu, 45 kwa santuri ndogo, na 78 kwa zile nzito za shelaki ambazo uzalishaji wake ulikoma baada ya katikati ya karne ya 20. Kwa mujibu wa imani hiyo, kidatu, yaani wembamba au unene wa sauti ya muziki, kikishindwa kuwa sahihi kosa ni la mota au la mkanda unaoizungusha sahani, na dawa yake ni kununua chombo bora zaidi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba imani hiyo imeipa kasi ya sahani kazi isiyoiweza. Sahani inaweza kutimiza namba yake bila kupungua wala kuzidi, na bado muziki unaotoka ukawa umepotoka. Na upotofu huo, ukishaingia katika nakala za hifadhi pasipo mtu kuuandika, hurithiwa na vizazi kama ndio muziki wenyewe.

Hesabu ya jambo hili ni nyepesi. Mfereji wa santuri umechongwa mawimbi ambayo sindano huyafuata, na idadi ya mawimbi yanayopita chini ya sindano katika sekunde moja ndiyo mitetemo ambayo sikio huipokea kama kidatu. Kasi ikipanda kwa asilimia 1, noti ya La iliyopigwa kwa mitetemo 440 kwa sekunde husikika kwa mitetemo 444.4. Wanamuziki huigawa oktavi, ambayo ni umbali kati ya noti na nyingine yenye mitetemo maradufu, katika nusu toni 12, na kila nusu toni katika sehemu 100 ziitwazo senti. Kwa kipimo hicho, asilimia 1 ya kasi ni senti 17 hivi, na inatakiwa asilimia zipatazo 5.9 ili wimbo uhame nusu toni nzima. Pamoja na kidatu, mwendo wa wimbo nao huharakishwa kwa kiasi kilekile. Kisichobadilika, maadamu kosa ni la kudumu na halipandi wala kushuka, ni uwiano wa noti kwa noti: wimbo wa taarabu uliopigwa katika makamu, yaani ngazi ya noti, ya Rasti utabaki kuwa Rasti, pamoja na noti yake ya tatu inayokaa kati ya ile kubwa na ile ndogo ya muziki wa Kizungu, hata kama wimbo wote umepanda au kushuka.

Watetezi wa mtazamo uliozoeleka huifurahia sana sentensi hiyo ya mwisho, kwani huwapa ruhusa ya kusema kwamba kosa dogo la kudumu halimdhuru mtu. Viwango vya viwandani vyenyewe viliwaunga mkono: kile cha Kijerumani kiitwacho DIN 45 500, kilichokuwa kipimo cha chini cha ubora kwa vyombo vya muziki wa nyumbani, kiliruhusu sahani izidishe kasi kwa asilimia 1.5 au iipunguze kwa asilimia 1. Maana yake ni kwamba gramafoni mbili zilizotimiza kiwango kilekile zingeweza kupishana kwa senti 43, karibu nusu ya nusu toni, na zote mbili zikauzwa kama vyombo sahihi. Msikilizaji aliyeketi peke yake na santuri moja hatatambua, kwa kuwa hana cha kulinganisha. Lakini santuri haikuwa ya msikilizaji wa namna hiyo peke yake. Kuanzia 1933 santuri za mfululizo wa GV, zilizobeba zaidi muziki wa Kuba, zilisambazwa barani Afrika na kuwa shule ya wapiga gitaa wa Kongo na wa Afrika Mashariki, na mwanafunzi wa shule hiyo alikuwa na chombo mkononi. Gramafoni ya kutia ufunguo huendeshwa kwa springi, kasi yake hurekebishwa kwa kijiti kidogo kando ya sahani, na springi ikikaribia kuisha nguvu sauti huzama. Mtu anayejifunza kwa chombo kama hicho hulazimika ama kulegeza na kukaza nyuzi zake kuifuata santuri, ama kuhamisha vidole hadi kwenye ufunguo wa muziki ambao mpigaji wa Havana hakuutumia. Kwake, senti 43 ni tofauti kati ya kupiga pamoja na santuri na kugombana nayo.

Upande wa pili wa mtazamo huohuo wamo wale wasioruhusu kosa lolote, na ambao kwa sababu hiyo hujiona wapinzani wa wale wa kwanza. Hawa huweka simu juu ya sahani, programu yake ikahesabu mzunguko kwa kutumia kihisi kilichomo ndani ya simu, na namba 33.33 ikitokea kwenye kioo wanaridhika. Wanachokipima si kile wanachokisikiliza. Simu ina uzito wake na haina mfereji. Sindano haijashuka, na ule mkokoto wa sindano ndani ya mfereji, ambao huivuta sahani nyuma, na kuivuta zaidi pale sauti inapokuwa kubwa, haupo wakati wa kipimo. Wengine hutumia santuri ya majaribio yenye sauti moja ya mitetemo 3,150 kwa sekunde, na hiyo ni njia bora kwa kuwa sindano inafanya kazi yake. Lakini santuri hiyo nayo ilichongwa na mashine iliyokuwa na kosa lake, ikatobolewa tundu na mashine nyingine yenye kosa lake, na hivyo kinachopimwa ni jumla ya makosa ya watu watatu huku lawama yote ikimwangukia mmoja.

Tundu hilo la katikati linastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake mna hoja ambayo wapenda namba hawajaijibu. Santuri huzunguka juu ya tundu lake, lakini mfereji una kitovu chake wenyewe, na vitovu hivi viwili vikiachana, sindano huonekana ikiyumba kwenda ndani na nje kila mzunguko, jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulishuhudia akiinama na kuutazama mkono wa gramafoni kwa upande. Ukubwa wa kosa ni umbali wa vitovu hivyo ukigawanywa kwa umbali wa sindano kutoka katikati. Tundu likikosea kwa nusu milimita, mwanzoni mwa santuri ndefu, sindano ikiwa kwenye milimita 145, kidatu hupanda na kushuka kwa senti 6 hivi. Mwishoni, sindano ikiwa kwenye milimita 60, hupanda na kushuka kwa senti zaidi ya 14, yaani pengo la karibu senti 29 kati ya kilele na bonde, na hali hiyo hujirudia kila baada ya sekunde 1.8. Piano inayoachiwa noti ndefu hapo huanza kulia kama inayosukwasukwa. Mota yenye kidhibiti cha kwatsi, yaani fuwele inayotetemeka bila kubadilika na hivyo kuishurutisha mota isiteleze, haiwezi kulifanyia lolote kosa hili, na programu ya simu itaendelea kuonyesha 33.33. Kampuni ya Nakamichi ya Japani ililielewa jambo hili kiasi cha kutengeneza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, gramafoni iitwayo TX-1000 iliyoutafuta mfereji wa mwisho wa santuri na kuisogeza sahani hadi vitovu vikutane. Chombo hicho kilikuwa cha bei ya kutisha na hakikuenea, na soko likarudi kushindana katika tarakimu za kasi ya wastani, ambazo kwa sikio ni jambo dogo zaidi: sikio husamehe kwa urahisi muziki uliopanda wote kwa senti 5, lakini haliusamehe muziki unaotikisika kwa senti 15 kwenye kila noti ndefu.

Hata hayo yote yakirekebishwa, bado santuri inaweza kusema uongo kutoka chanzo chake. Mfano ulio wazi kuliko yote ni albamu ya mpiga trumpeti Miles Davis iitwayo Kind of Blue, iliyorekodiwa mwaka 1959 katika studio ya Columbia ya mtaa wa 30, New York. Katika kikao cha kwanza, tarehe 2 Machi, mashine ya kanda iliyotumika kama chanzo kikuu ilikuwa ikizunguka polepole kidogo kuliko ilivyopaswa. Kanda hiyo ilipochezwa baadaye kwa kasi sahihi ili santuri zichongwe, nyimbo zote tatu za upande wa kwanza zilipanda kidatu. Kikao hicho kilikuwa kimerekodiwa pia na mashine ya pili ya akiba, ambayo kasi yake ilikuwa nzuri, na kanda za akiba ndizo zilizowezesha kosa kusahihishwa katika toleo la 1992. Kwa zaidi ya miaka 30, kwa hiyo, kila mmiliki wa gramafoni aliyejisifu kwa kasi isiyo na dosari alikuwa akiisikia trumpeti ya Davis juu ya pale ilipopigwa, na kadiri chombo chake kilivyokuwa sahihi ndivyo kilivyouzalisha upotofu huo kwa uaminifu zaidi. Mwanafunzi wa saksafoni aliyetaka kupiga pamoja na upande huo alijua kuna jambo. Alilazimika kusukuma kinywa cha saksafoni ndani zaidi ili apandishe chombo chake, kisha akageuza santuri na kukuta upande wa pili, uliorekodiwa mwezi wa Aprili, hauhitaji hayo. Sikio lake na chombo chake vilikuwa mashahidi bora kuliko kipimo chochote cha sahani.

Kwa santuri za mizunguko 78 imani ya namba huporomoka kabisa, na inashangaza kwamba ndiko inakoshikiliwa kwa nguvu zaidi. Namba yenyewe haikutokana na muziki. Mota ya umeme wa Marekani, ambako mkondo hubadili mwelekeo kwa mizunguko 60 kwa sekunde, huzunguka mara 3,600 kwa dakika, na ikipunguzwa kwa gia ya 46 kwa 1 hutoa 78.26. Kwenye nchi za mkondo wa mizunguko 50, hesabu ya namna hiyo hutoa 77.92. Tofauti ya namba hizo mbili ni senti 7.5, na hakuna fundi anayeweza kueleza ni ipi kati ya hizo iliyo "sabini na nane" ya kweli, kwa sababu zote mbili ni matokeo ya idadi ya meno kwenye magurudumu ya gia. Zilipata hadhi ya kanuni baada ya kurekodi kwa umeme kuanza mwaka 1925 na mota za aina hiyo kuenea. Kabla ya hapo, katika zama za kurekodi kwa pembe, mwimbaji aliimba mbele ya pembe kubwa na nta ilizungushwa na mashine iliyoendeshwa kwa uzito unaoshuka taratibu, na kasi iliwekwa na fundi wa siku hiyo kwa kadiri alivyoona inafaa. Kama wimbo ulikuwa mrefu kuliko nafasi iliyokuwepo, njia rahisi ya kuutosheleza ilikuwa kupunguza kasi. Kampuni nyingine, ikiwemo ya Edison, zilichagua 80. Pathé ya Ufaransa ilitoa santuri zilizochezwa kwa kasi ya 90 na kuendelea.

Matokeo ya kulazimisha zote ziende kwa 78.26 si madogo. Wimbo uliorekodiwa kwa 70 na kuchezwa kwa namba hiyo hupanda senti 193, pungufu kidogo tu ya toni nzima, na ulioimbwa kwa dakika 3 humalizika kwa sekunde 161. Lakini dhara kubwa zaidi ni juu ya mwimbaji mwenyewe. Mtu akiimba kwa ufunguo wa juu, kidatu chake hupanda lakini kinywa na koo lake havipungui ukubwa, kwa hiyo irabu zake hubaki na rangi ya mtu mzima yuleyule. Santuri ikiharakishwa, kila kitu hupanda pamoja, a na e na o zikabeba alama ya mwili mdogo kuliko ule ulioziimba, na ule mtetemeko wa madaha katika noti ndefu, ambao kwa waimbaji wengi huwa mara 5 hadi 7 kwa sekunde, ukawa wa haraka haraka. Kizazi kizima kimeamini kwamba waimbaji wa mwanzo wa karne ya 20 walikuwa na sauti za puani zenye papara, na sehemu ya imani hiyo ni kazi ya sahani iliyozunguka "sawasawa".

Ili kuipata kasi ya kweli, mtafiti hana budi kuuhoji muziki. Mwimbaji Enrico Caruso aliporekodi kwa mara ya kwanza mjini Milano mwezi Aprili 1902, aliambatana na piano, na nyimbo za opera alizoimba zina ufunguo ulioandikwa. Mtafiti anaweza basi kutafuta kasi inayouleta wimbo kwenye ufunguo huo. Hata hivyo waimbaji walikuwa na desturi ya kushusha wimbo nusu toni au zaidi, na nusu toni kwenye santuri ya namna hii ni karibu mizunguko 4.6; tena kidatu cha kuwianisha vyombo hakikuwa kimoja, kwani sheria ya Ufaransa ya mwaka 1859 iliiweka La kwenye mitetemo 435, na mkutano wa kimataifa wa London uliokubaliana juu ya 440 ulifanyika mwaka 1939. Kwa hiyo muziki hautoi jibu moja bali majibu mawili au matatu yaliyoachana vya kutosha, na hapo irabu za mwimbaji na mwendo wa mtetemeko wake ndivyo huamua lipi linamfaa binadamu. Kazi hii huhitaji mtu anayeijua lugha ya wimbo na mila ya uimbaji wake. Fundi mwenye taa ya kupimia mzunguko hana sifa hiyo kwa kuwa na taa tu.

Hapa ndipo pwani ya Afrika Mashariki inapoguswa. Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni ya HMV, na santuri zao ndizo msingi wa kila kinachosemwa kuhusu sauti ya taarabu ya Kiswahili kabla ya redio. Zilirekodiwa kwa umeme, wakati ambapo namba 78 ilikuwa imeshakaribia kukubalika, na kwa hiyo hakuna sababu ya kudhani upotofu mkubwa kama wa zama za pembe. Lakini kukaribia si kufika, na hakuna chapa iliyo kwenye karatasi ya katikati inayoweza kuthibitisha kwamba nta ya siku fulani ilizungushwa kwa 78 na si kwa 76 au 80. Vyombo navyo havitoi ushahidi wa moja kwa moja, kwa maana udi na fidla huwianishwa na koo la mwimbaji wa siku hiyo na si na uma wa sauti wa serikali yoyote. Ushahidi uliopo ni wa namna nyingine: mlio wa uzi wa udi unaopigwa wazi, usioshikwa kidole, ambao mpigaji mzoefu huutambua mara moja na kutokana nao kujua nyuzi ziliwianishwaje, na Kiswahili chenyewe, ambacho mzee wa Ng'ambo ya mjini Unguja atakisikia kama kimetamkwa na mwanamke wa umri wa Siti au kimeharakishwa. Taasisi yoyote inayohamisha santuri hizi kwenda kidijitali bila kuwaita watu wa aina hiyo kwenye chumba cha kazi, kwa kuwa eti mashine yake imethibitishwa kuzunguka kwa 78.26, inatupa ushahidi uliopo na kushika ule usiokuwepo.

Pingamizi zito kuliko yote dhidi ya hoja hii ni la wahifadhi wenye nia njema, wanaosema kwamba ni salama kuwa na namba moja kwa wote, kwani mtu akiruhusiwa kuchagua kasi kwa sikio atauchagua muziki anaoutaka yeye. Hofu hiyo ina msingi. Yamewahi kutokea madai kwamba rekodi za mpiga gitaa Robert Johnson, za 1936 na 1937, ziliharakishwa kwa kiasi cha asilimia 20, na madai hayo yalipata wafuasi wengi kuliko ushahidi, kwa kuwa yalimpa Johnson sauti nzito ambayo wasikilizaji fulani walidhani ndiyo iliyomstahili. Lakini kosa la watu hao lilikuwa kuchagua bila ushahidi, na mwenye kubaki kwenye 78.26 bila ushahidi amefanya vilevile, isipokuwa yeye hakulazimika kueleza uchaguzi wake. Namba moja kwa wote hutoa ulinganifu wa makosa, haitoi usahihi.

Kwamba njia nyingine inawezekana lilionyeshwa na Hugh Tracey, ambaye katika safari zake za kurekodi muziki wa Afrika, zikiwemo za Tanganyika na nchi jirani mwanzoni mwa miaka ya 1950, alibeba seti ya uma za sauti zilizopishana kwa mitetemo 4, akapima vyombo palepale vilipokuwa mikononi mwa wenyewe, na kuandika mitetemo ya kila noti kando ya rekodi. Mtu anayecheza leo santuri ya marimba aliyoipima Tracey anaweza kuilinganisha na maandishi hayo na kujua mara moja kama gramafoni yake, au kanda iliyozaa santuri hiyo, au mashine iliyoichonga, imehama. Santuri za Bombay hazina maandishi ya namna hiyo, wala haiwezekani kuyapata sasa. Kinachowezekana ni kuandika, kwenye kila nakala ya kidijitali, kasi ambayo sahani ilizungushwa wakati wa kuhamisha, kama tundu la santuri lilisahihishwa, na sababu iliyofanya kasi hiyo ichaguliwe na si nyingine, kisha kuhifadhi nakala ghafi pembeni. Nakala iliyoandikwa kwamba ilichukuliwa kwa 78.26 yaweza kurudishwa kwenye 76 na mpiga udi yeyote wa Unguja mwenye kompyuta na mgawanyo mmoja wa hesabu, siku atakapobaini uzi wa wazi ulio mahali pasipowezekana. Nakala isiyoandikwa chochote itamlazimisha kuitafuta upya santuri yenyewe, kama bado haijavunjika.